Tupeane uzoefu: The Sound of Music na familia ya von Trapp, wewe uliionaje?

Kinanda Kibovu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimeirudia The Sound of Music, ile ya mwaka 1965 aliyoiongoza Robert Wise, Julie Andrews akiwa Maria na Christopher Plummer akiwa Nahodha Georg von Trapp. Dakika 174, na sikupeleka mbele hata kipande kimoja. Ila safari hii niliitazama nikiwa nimeshasoma habari za familia yenyewe ya Salzburg, na kila wimbo ukawa unaniletea swali.

Kwenye filamu nyumba imepoa, baba mkali, anaingia mpostulanti, yaani msichana anayejaribu utawa, kutoka konventi na gitaa lake, watoto wanaanza kuimba, baba analainika. Basi. Kwa familia ya kweli muziki ulikuwepo nyumbani kabla Maria hajafika, na uligeuka kazi kwa sababu ya shida. Katika miaka ya 1930 Georg alihamishia fedha zake kwenye benki moja ya Austria iliyokuwa inayumba. Benki ikafa, na fedha zikafa nayo. Wakapunguza watumishi, wakajibana ghorofa ya juu, vyumba vingine wakapangisha. Nyimbo za sebuleni baada ya chakula zikapanda jukwaani. Binti yao Eleonore amewahi kueleza kwamba ilimuuma baba kuiona familia yake jukwaani.

Hapo ndipo ningependa kamera isimame: mwanamume wa ukoo wenye jina, kamanda wa nyambizi mwenye nishani, amekaa pembeni anawatazama wanawe wakiimba ili nyumba iende. Hollywood waliona mapenzi yanauza zaidi. Na kweli yaliuza.

Pamoja na hayo naipenda. Haya, uliiona wapi mara ya kwanza, na nani, na leo unaionaje? Wanaoichukia nao karibuni, ila njooni na sababu.

Deki ya Kaseti

Mimi niliiona sekondari, shule ya wasichana ya masista, Jumamosi usiku ukumbini, TV ikiwa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli na ufunguo shingoni mwa sista mlezi. Wa enzi zetu wanakumbuka kwamba filamu hii ilikuja kwa kaseti mbili. Shule ilikuwa na ya kwanza tu. Ya pili ilikopwa na mtu kabla yetu na hakuna aliyejua iko kwa nani.

Kwa hiyo kwetu sisi hadithi ilikuwa inaisha pale Maria anapoacha barua, anashika begi lake na kutoka usiku kurudi kwa masista wenzake. Kumbe pale ndipo penye mapumziko, watu kwenye majumba ya sinema wanaenda kununua soda! Sisi hatukuona harusi, hatukuona Wanazi, wala tamasha, wala kutoroka. Na masista hawakuona kasoro yoyote: binti kaonja dunia, karudi kwenye wito, amina, zima TV, kalaleni. Kila kundi jipya la kidato cha kwanza lilionyeshwa hiyo hiyo. Sishangai kwamba darasa letu lilitoa masista wengi.

Sehemu ya pili nilikuja kuiona nikiwa nimeshaolewa. Nilikasirika kidogo. Ile ya kwetu ilikuwa na uzito zaidi.

Mtu wa Danube

Dada Deki, umenivunja mbavu, lakini hamkuwa peke yenu. Ilipotoka Ujerumani, kule Munich waliikata pale pale baada ya harusi, habari zote za Wanazi zikatupwa. Studio ilipopata habari iliirudisha nzima, na meneja aliyehusika akapoteza kazi.

Mimi niko Vienna, kazi yangu jikoni. Nilipofika huku nilijua kitu kimoja tu kuhusu Austria, na kitu chenyewe ni hii filamu. Nikadhani nimepata cha kuzungumza na wenyeji. Wapi! Wenzangu kazini wengi hawajaiona. Wazee wao wanaijua familia hiyo kwa filamu ya Kijerumani ya mwaka 1956, Die Trapp-Familie. Kwenye sherehe ya kufunga mwaka nikajitolea kuwaimbia "Edelweiss", ule anaouimba Nahodha kwenye filamu, nimeweka na mkono kifuani, nikijua nawaimbia wimbo wa mababu zao. Wakanipigia makofi ya adabu. Mmoja akaniuliza, huu wimbo wa Wamarekani umeujulia wapi?

Na ni wa Wamarekani kweli. Richard Rodgers alitunga muziki, Oscar Hammerstein maneno, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani uliofunguliwa Broadway Novemba 1959. Hammerstein alikuwa mgonjwa wa saratani, na "Edelweiss" ndiyo maneno ya wimbo ya mwisho aliyoandika; Agosti 1960 akafariki. Ndiyo maana nyimbo mbili mpya za filamu, Rodgers aliandika peke yake muziki na maneno.

Salzburg nimekwenda, siwezi kudanganya. Bustani ya Mirabell, walikorukia ngazi wakiimba "Do-Re-Mi", ipo na ngazi zake, mabasi ya watalii yanamwaga watu asubuhi hadi jioni. Kwangu mimi kilichozidi ni Nonnberg, monasteri ya Wabenediktini juu ya mji. Imekuwepo tangu karne ya 8 na masista wapo hadi leo. Maria wa kweli alitokea hapo na akafunga ndoa hapo, Novemba 1927. Ile ya kwenye filamu ilipigwa kanisa la Mondsee, mji mwingine kabisa.

Halafu ile milima ya mwisho, mnayoona wanapanda na mtoto mgongoni? Ukivuka kweli kutokea Salzburg unaangukia Ujerumani, jirani na Berchtesgaden, alikokuwa na makazi Hitler mwenyewe. Familia ya kweli ilipanda treni mwaka 1938, mchana, ikaenda Italia. Georg alizaliwa Zara, mji ambao baada ya Vita vya Kwanza ulikuwa chini ya Italia, kwa hiyo karatasi zake zilimruhusu. Walipoondoka, nyumba yao ikachukuliwa na Himmler, mkubwa wa Wanazi.

Pwani Sana

Ndugu wa Danube, pole, lakini hilo la kudhaniwa wimbo wa asili sisi wa Mombasa tunalijua vizuri. Waulize watalii "Jambo Bwana" ni ya nani, watakuambia ni ya kale, ya Waswahili. Ni ya Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na Them Mushrooms wenyewe kiini chao ni ndugu wa familia moja, walikuwa wakipiga kwenye mahoteli ya pwani. Familia inaimbia wageni ili ipate riziki yake. Hiyo hadithi ningeitazama saa tatu bila kwenda msalani.

Mjomba wangu alipiga besi kwenye bendi ya hoteli, si hao, bendi nyingine. Yeye aliipenda The Sound of Music akaipinga hapo hapo. Alisema filamu nzima hakuna anayechoka kuimba. Anayeimba kwa mshahara anaimba wimbo ule ule akiwa na mafua, akiwa amegombana na mkewe, akiwa na msiba. Von Trapp wa kweli walizunguka Marekani kwa basi mwaka baada ya mwaka, mpaka katikati ya miaka ya 1950, watoto wakawa watu wazima wakiwa bado ndani ya basi la mama. Sasa fikiria una miaka thelathini na mama wa kambo bado anakuambia vaa hivi, simama hapa.

Simpendi Maria

Mimi nilishajiita hivyo hapa ndani kabla ya uzi huu, kwa hiyo mniache niseme.

Ni sukari tupu. Watoto saba na ukiniamuru nikutajie tabia ya watatu sitaweza, isipokuwa mkubwa ana mpenzi na mdogo anapenda kula. Nahodha amewakataza watoto kucheza tangu mkewe afe, anasikia wimbo mmoja mlangoni, anatubu. Kesho yake ni mtu mwingine. Wanazi wenyewe ni makofia na mikono juu. Unatoka pale hujui kwa nini nchi nzima iliwapokea kwa shangwe mwaka 1938, maana waliipokea, mitaa ilijaa watu.

Halafu hili la kuimba. Filamu ya familia ya waimbaji! Christopher Plummer nyimbo zake ametiliwa sauti na Bill Lee. Mama Mkuu wa monasteri, Peggy Wood, ule wimbo wa kupanda mlima ameimbiwa na Margery McKay. Cha kuchekesha zaidi, Marni Nixon, aliyewaimbia Natalie Wood na Audrey Hepburn kwenye filamu zao bila sura yake kuonekana, humu ndimo alimopata kuonekana, akiwa Sista Sophia, katikati ya masista wengine. Mwenye sauti amewekwa pembeni, asiye na sauti amewekwa katikati.

Plummer mwenyewe aliichukia miaka mingi, akaipa majina ya kejeli ambayo siyaandiki hapa. Mke wangu akiiweka, mimi nakwenda kuosha gari. Gari letu ni safi sana.

Kinanda Kibovu (mleta uzi)

Mkuu, la Plummer ni kweli, ingawa uzeeni alilegeza. Lakini mbona hujataja Julie Andrews hata mara moja? Huwezi kumgusa, ndiyo maana. Ule mwanzo wa mlimani, helikopta inamjia na kila ikigeuka upepo wake ulikuwa unamwangusha chini, anainuka, anarudia. Kwenye skrini unamwona anazunguka kama hana mwili.

Simpendi Maria

Andrews namwachia. Nimesema simpendi Maria, sikusema simpendi Julie.

Sauti ya Tatu

Mwalimu wa kwaya hapa, parokia ya Kanda ya Ziwa. Nimesoma uzi wote na hakuna aliyegusa kitu ambacho kwangu ndicho filamu yenyewe: "Do-Re-Mi" ni kipindi kamili cha kusoma nota kilichofichwa ndani ya wimbo.

Tazameni anavyofundisha. Kwanza anawapa majina ya sauti saba, kila jina na kitu cha kukumbukia. Kisha wanapanda na kushuka kwa mpangilio. Kisha anayavuruga: anachukua majina yale yale anayapanga upya, watoto wanalalamika kwamba hayana maana, anawawekea maneno, noti moja kwa silabi moja. Mwisho wanaruka ngazi za bustani, mguu na sauti vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Ukiwa umewahi kukaa na watu ishirini waliotoka shambani, wamechoka, unataka waione tofauti ya fa na sol, utajua aliyeandika kipande hiki aliijua kazi.

Sisi wengi tunafundisha kwa sol-fa, d r m f s l t ubaoni, ule mfumo alioueneza mchungaji John Curwen wa Uingereza karne ya 19 na wamisionari wakatuletea. Kwa hiyo wimbo ule wanakwaya wangu waliudaka siku hiyo hiyo. Nikasema nijaribu na ngazi za kanisa. Sauti ya kwanza na ya pili waliruka vizuri. Sauti ya tatu tuliruka kwa aibu. Sauti ya nne, wazee wa besi, waligoma katakata, mmoja akaniambia yeye besi yake iko chini hana sababu ya kupanda.

Lawama yangu kwa filamu ni moja, nayo ni nzito. Wamemfuta Padri Franz Wasner. Huyu alikuwa padri kijana aliyewasikia wakiimba, akawasahihisha, akabaki nao kama mwalimu na kiongozi wao wa muziki kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Marekani. Mwaka 1936 walishinda mashindano Salzburg baada ya Lotte Lehmann, mwimbaji mkubwa wa opera, kuwasikia nyumbani kwao na kuwasukuma wajaribu. Waliimba Bach, Palestrina, nyimbo za kale za sauti nyingi bila ala. Wakapiga na filimbi za mbao. Hiyo haiji kwa gitaa na pikiniki mlimani. Inakuja kwa mtu anayesimama mbele yako anasema "rudia" mpaka umchukie. Badala yake filamu imetuletea Max, dalali wa wanamuziki, anayekula chakula cha watu na kutafuta wa kuwapeleka tamashani. Naam, na huyo yupo kila mahali, simkatai.

Kitu kingine. Marekani walifika wakijiita Kwaya ya Familia ya Trapp. Wakala wao akaona "kwaya" inanuka kanisa mno, tiketi hazitauzika. Wakawa Trapp Family Singers. Kwaya yetu iliwahi kuombwa kwenye sherehe moja tujitambulishe kama kikundi cha burudani. Tulikataa. Posho tukaikosa pia.

Fundi Cherehani

Mimi ni mshonaji, nina langu dogo. Zile nguo za mapazia ni uongo wa kiufundi. Usiku mmoja, sindano moja, watoto saba wa vimo saba, na maua ya kitambaa yamekaa sawa kwenye kola? Mimi na vijana wangu wawili na mashine za umeme, sare za watoto wa harusi tu tunakesha.

Ila wazo lenyewe ni zuri, nimeshauza nguo za namna hiyo. Mteja alileta mapazia ya mama yake, tukatoa magauni manne.

Mama Wanne

Nimesita kuandika, lakini naona mmegusa mama wa kambo mkapita.

Niliolewa na mgane mwenye watoto wanne, Morogoro, wa kwanza binti wa kidato cha pili. Mnajua tulivyolelewa: mama wa kambo si mama. Kila hadithi niliyosimuliwa utotoni, mama wa kambo anamtuma mtoto akachote maji kwa pakacha. Kwa hiyo niliingia nyumba ile nikiwa nimeshahukumiwa, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa mahakimu.

Filamu aliileta mdogo wangu kwenye flashi. Tulikaa wote. Wadogo walicheka pale chura anapowekwa mfukoni mwa Maria, na pale anapokalia kitu mezani. Binti mkubwa hakucheka. Ilipofika harusi, kanisa lile, gauni lile refu, masista nyuma ya geti, aliondoka sebuleni. Mimi nikabaki natazama Maria anapewa watoto saba wanaompenda, bila hata mmoja wa kumkazia macho kwenye meza ya chakula. Dakika chache baadaye wanamwita mama. Nikasema moyoni, jamani, hata wiki moja?

Baadaye nilisoma habari za Maria wa kweli, Maria Augusta Kutschera, na yule nilimwelewa. Hakupelekwa kulea watoto wote. Alikwenda mwaka 1926 kumfundisha mmoja tu, binti aitwaye naye Maria, aliyedhoofishwa na homa ya skaleti, homa hiyo hiyo iliyomuua mama yao, Agathe, mwaka 1922. Alipoolewa alikuwa na miaka 22 na Georg 47. Na ameandika wazi kwamba wakati ule hakuwa akimpenda mume. Aliwapenda watoto, kwa namna fulani aliolewa na watoto. Mimi nilimpenda baba yao kwanza, watoto wakaja polepole. Yeye na mimi tumeingia nyumba moja kwa milango tofauti.

Watoto wenyewe walipokuwa wazee walisema baba yao hakuwa yule jabali wa filamu. Alikuwa mpole, ndiye aliyecheza nao muziki. Kipenga kilikuwepo, ila kwa sababu eneo la nyumba lilikuwa kubwa. Mwenye hasira alikuwa Maria! Anapasuka, anafunga mlango kwa kishindo, muda si mrefu anacheka. Nilifurahi kusikia hivyo kuliko nilivyofurahia filamu nzima. Mwanamke aliyelea saba wa mwenzake na kuzaa watatu wake, na anapandisha sauti, na bado wakamfuata jukwaani. Huyo nammudu.

Binti yangu mkubwa hajaniita mama. Ananiita ma'mdogo. Tuko vizuri.

Deki ya Kaseti

Dada Mama Wanne, "mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa mahakimu"... acha nikae kwanza.

Swali: huyo binti alirudi kuimalizia?

Mama Wanne

Alirudi pale wanapojificha makaburini kwenye monasteri. Alisikia kimya, akadhani umeme umekatika.

Karatasi Bado

Niko Ohio, naendesha lori. Jina langu linajieleza, msiniulize zaidi.

Filamu inaishia mlimani, muziki unapanda, watu wanalia. Sisi tulioko huku tunajua filamu ndiyo inaanzia hapo. Ukishavuka unalala wapi? Una viza ya nini? Kwa hiyo nilitafuta, na nimekuta mambo matamu kuliko nyimbo.

Walifika New York Oktoba 1938 kwa viza za matembezi, waimbe kisha waondoke. Januari 1939 Maria akajifungua mtoto wa mwisho, Johannes, kule Philadelphia. Viza zikaisha. Ikabidi warudi Ulaya, wakaimba nchi za Skandinavia huku wanasubiri mkataba mwingine. Oktoba 1939, vita vimeshaanza, wanarudi New York. Afisa wa uhamiaji anamuuliza Maria swali la kawaida, mnakusudia kukaa muda gani? Na Maria, kwa furaha ya kufika salama, anasema hataki kuondoka tena kamwe!

Wakuu. Aliyewahi kusimama mbele ya dirisha lile na bahasha kwapani ameshashika kichwa. Familia nzima ikapelekwa Ellis Island, kituo cha uhamiaji cha New York, kizuizini, siku kadhaa, mpaka watu wakawasemea. Mimi kabla ya safari shangazi yangu alinipigia simu usiku kunifundisha: jibu ulichoulizwa, usiongeze, usitabasamu kupita kiasi. Baroni na nahodha mzima wa nyambizi hakuwa na shangazi wa namna hiyo.

Mwaka 1942 wakanunua shamba Stowe, Vermont, pale panapofanana na kwao. Wana wawili wakubwa, Rupert na Werner, wakaingia jeshi la Marekani. Georg akafariki 1947. Maria akapata uraia 1948. Ukihesabu ni karibu miaka kumi toka wameshuka melini. Nilipoisoma hiyo nilimwonyesha mwenzangu tunayekaa naye, tukacheka tu.

Stowe nimepita, nilikuwa na mzigo wa Burlington, nikachepuka. Nyumba yao ilianza kupokea wageni 1950, ikaungua 1980, ikajengwa upya, sasa ni hoteli ya maana na wanapika bia yao wenyewe. Chumba sikuuliza bei mara mbili. Bia nilinunua ya kuondoka nayo, maana nilikuwa na lori.

Pwani Sana

Karatasi, na fedha za filamu je? Maana naona ilipita filamu ya Gone with the Wind kwa mapato, ikabeba Oscar tano, ikaiokoa studio ya Fox iliyokuwa imekamuliwa na gharama za filamu ya Cleopatra.

Karatasi Bado

Maria aliuza haki za hadithi yake kwa watayarishaji wa Kijerumani miaka ya 1950 kwa dola 9,000. Hollywood walipokuja, walinunua kwa Wajerumani. Yeye alipita tu barabarani kwenye filamu, sekunde chache, nyuma ya Julie Andrews kwenye ule wimbo wa kujipa moyo njiani. Ukipepesa macho humwoni.

Sauti ya Tatu

Hao wanasheria wa mikataba hawapo kwetu tu, kumbe.

Simpendi Maria

Mwiteni mtu aitengeneze hiyo ya Ellis Island. Nitanunua tiketi, na gari litakaa na vumbi lake.

Nina ombi moja la mwisho kwa mleta uzi. Elsa, yule mchumba tajiri wa Vienna. Watu wote mnamzomea. Amefanya nini? Alikuwa na mchumba, akaona mchumba anavyomtazama mlezi wa watoto wawili hao walipocheza densi barazani, akafunga mizigo bila kumtukana mtu. Mimi ningeimba matusi.

Kinanda Kibovu (mleta uzi)

Hapo tuko pamoja, mkuu. Na kwa taarifa yako, kwenye mchezo wa Broadway Elsa alikuwa anaimba. Yeye na Max walikuwa na nyimbo mbili, moja inawadhihaki matajiri wanaopendana bila shida yoyote, nyingine inamwambia nahodha aache ukaidi akubaliane na wakubwa wapya. Hiyo ya pili ndiyo inayomtenganisha na Georg: siasa, si Maria. Filamu ikazitoa zote mbili, ikambakizia Eleanor Parker magauni na macho. Angeachiwa hata moja, ile sehemu ya Wanazi uliyoilalamikia ingekuwa na mtu wa kuisemea.

Anayejua toleo la jukwaani lililorekodiwa zima aweke hapa jina lake. Mke wa Simpendi Maria asiambiwe.